Mahujaji wa Namugongo nao wapewe njia yao

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Nimesoma ile ya bwana mmoja aliyesema watu wanaokwenda kwa miguu kuhiji Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, wanapoteza wakati na kujaza barabara, ati wangepanda taksi wafike, wasali, warudi kufanya kazi, alafu akamalizia kwamba hata Wazungu waliotuletea dini wameshaacha zamani mambo ya kutembea na fimbo. Hiyo ya taksi namwachia, kila mtu na imani yake na miguu yake. Hiyo ya Wazungu ndo imenikalisha chini niandike, kwa sababu si kweli, nimetembea nao mwenyewe, na pia kwa sababu kuna kitu kule tungekichukua tukakileta huku na sijasikia mtu akikisema.

Mi nauza viatu vya mitumba hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Kila mwaka mwezi wa tano ukielekea kwisha nawaona mahujaji wanavuka kutoka Kenya, wengine wametoka mbali huko, na bendera na rozari na kijerikeni cha maji mkononi, na wengi wanasimama kwangu kwa sababu kiatu kimeshawashinda, ama kamba imekatika ama kisigino kimechubuka hadi damu. Kwa hiyo mambo ya miguu ya mahujaji nilikuwa nayajua kabla sijajua mambo ya Ufaransa.

Sasa mdogo wangu ameolewa huko, mji unaitwa Clermont-Ferrand, na mwaka jana mwezi wa tisa akanialika nikamwone mtoto wake. Ya viza siandiki hapa, karatasi itaisha. Shemeji akaniuliza nataka kutembezwa wapi, Paris au baharini? Nikamwambia nimesikia kwenu kuna njia ya mahujaji, nipeleke huko nikatembee nao. Alicheka, akasema wageni wote wanaulizia ule mnara wa chuma, we unaulizia matope na ng'ombe. Lakini akakubali, na mdogo wangu akasema naye anakuja, mtoto akaachwa kwa bibi yake.

Buti nilikuwa nimebeba kutoka kibandani kwangu mwenyewe, buti za mlimani zilizotoka kwenye beli, soli bado nzima, saizi moja zaidi ya mguu wangu kwa sababu mguu ukitembea kutwa unavimba. Shemeji akageuza ulimi wa kiatu akasoma maandishi, akasema hizi ziliuzwa hapa hapa Ufaransa. Yani zilitoka kwao kwenye beli zikarudi kwao kwa ndege, na nauli nimelipa mimi.

Nieleze kidogo hiyo njia kwa wasioijua. Wafaransa wana njia kubwa nne za zamani za kwenda Uhispania, kwenye mji wa Santiago de Compostela ambako Wakristo wa tangu zamani wanaamini ndiko kaburi la Mtume Yakobo lilipo. Moja inapita Tours, moja inatoka Vézelay, moja Arles, na hii tuliyoiendea inatoka Le Puy-en-Velay. Kutoka Le Puy mpaka chini ya milima ya Pirenei ni kama kilomita 750, na ukitaka kufika kaburini kwenyewe hesabu kama 1,500. Askofu wa Le Puy aliyeitwa Godescalc aliondoka na watu wake mwaka 950 akarudi 951, zaidi ya miaka elfu iliyopita, na mpaka leo, bwana mwandishi, mpaka leo asubuhi kuna misa ya mahujaji kwenye kathedrali ile, na ikiisha linafunguliwa geti pale pale kwenye sakafu ya kanisa, mahujaji wanashuka ngazi kutoka katikati ya kanisa moja kwa moja mpaka mtaani na mabegi yao, safari imeanza. Hao ndo walioacha?

Sisi hatukuanzia Le Puy. Shemeji alitupeleka kwa gari mpaka kijiji kinaitwa Nasbinals, kwenye nyanda za juu za Aubrac, tutembee mpaka Saint-Chély-d'Aubrac, kilomita 17. Kipande hicho hicho UNESCO walikiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1998 kama sehemu ya Njia za Santiago de Compostela za Ufaransa, na niliposikia hivyo nikategemea kuona lami na geti na mtu wa kukata tiketi. Hamna. Kuna kanisa la mawe meusi meusi, kuna duka la mikate, kuna bomba la maji, alafu kuna njia ya udongo inapanda kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila simenti. Na baridi. Mwezi wa tisa tu lakini mikono ilikuwa inauma, na ukungu umelala chini mpaka humwoni mtu aliye mbele yako hatua chache.

Kabla hatujaanza, mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, tulimkuta kwenye benchi nje ya kanisa amevua soksi anajipaka Vaselini miguuni. Si kidogo, anapaka kati ya kila kidole na kisigino chote mpaka mguu unang'aa, alafu soksi, alafu buti. Akamwambia mdogo wangu atafsiri: ukishaona lengelenge umeshachelewa, unapaka kabla. Mi nimeuza viatu miaka mingi, nimewauzia mahujaji plasta pia, hiyo ya kupaka kabla sikuwahi kumwambia mteja hata mmoja kwa sababu sikuijua. Akanipa kopo lake nami nikapaka. Tangu hapo akawa anatembea na sisi. Mdogo wangu alikuwa anamwita kwa jina lake tu maana ndo desturi yao njiani, mi nilishindwa, nilimwita Mama, na alipoelezwa akafurahi.

Sasa kitu ninachotaka msikie ni hiki. Siku ile nzima hatukuuliza njia. Hakuna simu, hakuna ramani, mdogo wangu alikuwa nayo begini haikutoka. Kwenye jiwe, kwenye mti, kwenye nguzo ya uzio, kuna mistari miwili imepakwa kwa rangi, mweupe juu mwekundu chini, mifupi tu, kama upana wa kiganja. Ukiiona uko sawa. Ukikaribia njia panda inakuonyesha upande wa kukata. Na ukipotea ukachukua njia isiyo yako unakutana na msalaba wa rangi hizo hizo, maana yake rudi. Basi, hiyo ndo teknolojia yote. Nikauliza ni nani anapaka, nikidhani ni serikali. Shemeji akasema ni watu wa kujitolea wa chama chao cha watembeaji, wastaafu wengi, kila mtu anapewa kipande chake cha njia, anakuja na kopo na brashi anafufua alama zilizofifia na kukata matawi yaliyozifunika. Njia hiyo wanaiita GR 65, GR ni jina lao la njia ndefu za kutembea, ilianza kupakwa alama miaka ya 1970. Kabla ya hapo njia ya mahujaji ilikuwa imekaribia kusahaulika, vipande vingine vimemezwa na barabara za magari, watu wakakaa wakatafuta vijia vya vijijini vya kuwapitisha watembeaji pembeni. Kwa hiyo yule bwana angesema Wazungu waliiacha njia hiyo muda fulani, hapo angekuwa na ukweli. Lakini waliirudia.

Tukapanda mpaka juu ambako hakuna miti kabisa, majani tu na mawe na upande wa pili wa dunia, na ukungu ulipofunguka nikaona ng'ombe. Wapo wengi, rangi ya ngano iliyoiva, pembe zimepinda juu, na macho yamezungukwa na weusi kana kwamba wamepakwa wanja. Njia ya mahujaji inapita katikati ya malisho yao. Kila baada ya muda unakuta geti, unafungua, unapita, unafunga, na kuna kibao kinakuomba ufunge. Kuna kijana mmoja alitupita mbio mbio na vijiti vyake viwili, geti akaliacha wazi. Yule mama mwalimu alikuwa ameshapita hapo tayari, akarudi nyuma na magoti yake yale akalifunga, hakusema kitu, akaja. Nikawaza wenye mashamba wangekuwa wameshafukuza watembeaji zamani kama si watu wa namna hii, maana njia ni ya wote lakini majani ni ya mtu.

Na kila unayekutana naye anakusalimia, wanasema bonjour, hata aliyechoka, na wenyeji wanakutakia njia njema. Kwangu hiyo haikuwa ngeni, ni kama kwetu tu. Kilichokuwa kigeni ni ukimya. Mahujaji wetu wanaimba, wana ngoma, rozari inasomwa kwa sauti kilomita nzima. Kule watu wanatembea wawili wawili au peke yao, hasikiki mtu. Wengi si wa kanisani hata kidogo, yule mama mwenyewe alisema hasali, anatembea tu, kila mwaka wiki moja, anaishia kijiji fulani anapanda treni anarudi kwake, mwaka unaofuata anaanzia pale pale alipoachia. Sikujua mtu anaweza kuhiji kwa mafungu. Sikumbishia, nilikuwa mgeni. Lakini tulipoingia kanisani njiani alikaa kitako dakika nyingi kuliko mimi ninayesali.

Kanisa hilo ni la kijiji cha Aubrac chenyewe, mita kama 1,300 juu, karibu nusu ya safari yetu. Nyumba chache, kanisa zito la mawe, mnara wa pembe nne wa mwaka 1353, na kahawa. Hapo pana historia ya kusimulia. Inasemekana mwaka 1120 hivi tajiri mmoja wa Flanders aliyeitwa Adalard alikuwa anapita kwenda Santiago, akapigwa na dhoruba ya theluji, na hadithi inasema alikuta pia pango lenye vichwa vya mahujaji waliokatwa na majambazi. Akaweka nadhiri, akitoka salama atajenga hapo nyumba ya kuwapokea wasafiri. Akaijenga. Ikawa na watawa, na askari wa kusindikiza watu kwenye nyanda hizo, na mkate kwa maskini mlangoni. Na ikawa na kengele ya waliopotea: ukungu ukishuka au theluji ikianza au usiku ukiingia, kengele inapigwa, aliye huko nje gizani afuate sauti. Maandishi yake ya Kilatini yanaiambia kengele imshangilie Mungu, ifukuze mashetani, iwaite waliopotea. Mi nilisimama chini ya mnara huo baada ya ukungu ule wa asubuhi, na sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini walihitaji kengele.

Tulikunywa pale chai yao ya mlimani, majani yanaota huko huko, harufu inakaribia minti, wakatugongea muhuri. Hilo nalo nililipenda: kila hujaji ana kikaratasi kigumu kinachokunjwa, hati yake ya hija, na kila anapopita kanisani au anapolala anagongewa muhuri na tarehe. Akifika Santiago anaonyesha hiyo, na anayekwenda kwa miguu lazima awe ametembea angalau kilomita 100 ndo apewe cheti. Yule mama alikuwa na ya miaka mingi, imechakaa kwenye mikunjo imebandikwa selotepu, na alinionyesha muhuri mmoja mmoja akikumbuka mvua ya wapi na supu ya wapi.

Baada ya Aubrac njia inashuka, kama mita 500 kwenye kilomita 8, mawe yanayoteleza, msitu, na hapo ndo viatu vinapimwa. Wasomaji wangu mnaokwenda Namugongo nisikilizeni kama mwenye duka: kwenye kushuka kaza kamba ya buti juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele, na kata kucha siku moja kabla, la sivyo kucha ya dole gumba itakuwa nyeusi na baadaye itang'oka. Shemeji, mwenye njia yake, hakukaza. Jioni alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, mdogo wangu akampiga picha.

Tulilala Saint-Chély kwenye nyumba ya mahujaji. Si hoteli. Mlangoni kuna rafu ndefu ya mbao, unavua buti hapo hapo huingii nazo, na vijiti unaacha kwenye pipa, na begi pia haliingii chumbani kwa sababu wanaogopa kunguni, vitu vya usiku unatia kwenye kikapu unachopewa. Nilisimama kwenye ile rafu zaidi ya wengine, ni kazi yangu, nikaangalia soli. Karibu zote zimelika upande wa nje wa kisigino, kushoto zaidi. Buti mpya za bei kubwa na buti kuukuu zimekaa pamoja zinanuka sawasawa. Alafu shawa, alafu kila mtu anafua soksi zake kwenye beseni anaanika nje, alafu meza moja ndefu, wote mnakula pamoja mjuane msijuane.

Chakula kilikuwa aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mbichi ya huko mpaka vinavutika, mwenye nyumba anasimama na mwiko anavuta juu kamba ndefu isiyokatika, watu wanapiga makofi. Na soseji, na mvinyo. Mtu anatoa kisu chake mfukoni, cha kukunja, anakatia nyama, hawangojei visu vya meza. Kulala na kula vyote ni kama yuro 50, yani shilingi laki mbili na kitu za kwetu, mi nikahesabu mahujaji wangapi wa kwetu wanalala kwa laki mbili. Zipo pia nyumba za kutoa sadaka unayoweza, lakini si zote. Na kuna watu, nilicheka hapa lazima niseme, ambao mabegi yao yanabebwa na gari kila asubuhi hadi wanapolala, wao wanatembea na chupa ya maji tu. Hija ya aina hiyo mahujaji wanaopita Malaba na godoro kichwani wangeisikia wangeniuliza kama gari hilo linabeba na watu.

Mezani wakaniuliza kwetu kukoje. Nikawaambia: kwetu kila tarehe 3 mwezi wa sita watu wanafika Namugongo, walipochomwa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wapo mashahidi 22 wa Kikatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, wapo na wa Kianglikana waliofia imani hiyo hiyo, na kabla yao kuna Waislamu waliouawa zamani za Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga. Nikawaambia watu wanatembea kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo, kutoka Kabale na Kasese na Lira, wanalala kwenye sakafu za makanisa na shule, wanapikiwa posho, yani ugali, na maharage bure na watu wasiowajua. Meza nzima ilinyamaza. Mtu mmoja akasema hiyo ndo hija yenyewe, hapa sisi tunafanya utalii. Nikajisikia vizuri, nikawa nimekaa wima.

Alafu yule mama mwalimu akauliza swali lake, taratibu: na njia yenu, imewekwa alama gani?

Nikamjibu, tunafuata malori.

Walidhani natania. Sikuwa natania. Kutoka hapa Malaba, Tororo, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono mpaka Namugongo ni zaidi ya kilomita 200, na hujaji anazitembea pembeni ya barabara kuu ile ile inayobeba kontena za Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Bujumbura. Hana pembeni. Pembeni ni ya bodaboda. Lori likipita lingine hujaji anaruka mtaroni na mtoto mgongoni, usiku anavaa kitambaa cha kung'aa kama anacho, na ndani ya msitu wa Mabira, ambako miti imefika ukingoni mwa lami, hamna hata pa kurukia. Kila mwaka tunasikia waliogongwa. Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Mi nasema Mungu hakuchora barabara ile.

Na wala hatuhitaji kuiga Wafaransa kila kitu, hizo nyumba za laki mbili wabaki nazo, ukarimu wetu ni bora na sitaki siku moja nisikie mahujaji wetu wanalipishwa sakafu. Tuchukue kimoja tu, kopo la rangi. Karibu na barabara kuu kuna njia za murram za vijijini zinazounganisha parokia na parokia, makatekista wanazijua kwa sababu ndo wanazopita na baiskeli kila Jumapili. Hapa mashariki njia inapita jimbo kuu la Tororo, jimbo la Jinja, jimbo la Lugazi, alafu Kampala. Kila parokia ikichukua kipande chake, ikakaa na wazee na wenyeviti wa LC, yani mabaraza ya vijiji, na wenye mashamba, ikachagua kijia, ikapaka alama kwenye mawe na miembe na nguzo, mwezi wa nne kila mwaka vijana wakaja kuzifufua kabla mahujaji hawajafika, basi sehemu kubwa ya safari itakuwa imetoka kwenye lami. Wataongeza kilomita, najua, vijia vinazunguka. Yule mama aliniambia GR nayo inazunguka, mtu wa haraka anapita barabarani anafika kabla yako, hakuna anayemkataza.

Mabira mi sina jibu. Msitu ni msitu, kijia cha ndani kina mambo yake na sitaki kumpeleka mtu huko na rozari tu. Labda hapo wapite kwa makundi makubwa mchana, na pikipiki mbele na nyuma zenye taa, mpaka watokee Lugazi. Wenye akili zaidi yangu waseme.

Maji pia. Kule mahujaji wanajua kwamba karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba, kwa ajili ya maua ya marehemu, unaingia unajaza chupa unawasalimia walio hapo unaondoka. Huku kila kanisa lina tenki la mvua au kisima jirani. Alama ile ile ya rangi ikielekezea maji, na mtu wa parokia akahakikisha yamechemshwa au yametiwa dawa, ni kazi ya wiki mbili tu kwa mwaka. Na muhuri, Mheshimiwa, parokia zote tayari zina muhuri wa barua za ubatizo! Hujaji akipewa kikaratasi agongewe Tororo, agongewe Iganga, Jinja, wakubwa wa njia watajua pia nani ameingia kipande gani na nani hajatoka, maana sasa hivi mtu akizidiwa na ugonjwa kati ya Bugiri na Iganga nyumbani kwao Kenya wanajua mwezi umeisha.

Kuna jambo jingine ambalo barua ile haikuligusa. Hao mashahidi walibatizwa na nani? Kwa Wakatoliki anayekumbukwa kwanza ni padri Mfaransa, Simeon Lourdel, huyu tunayemwita Mapera, aliyeshuka Kigungu pale Entebbe na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Msafara wao ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakatembea, miguu hiyo hiyo, na wapagazi wa pwani, wiki juu ya wiki mpaka kusini ya ziwa Victoria ndo wakapata mtumbwi. Na lugha waliyofika nayo na kuanzia kufundishia ilikuwa hiki Kiswahili ninachoandikia barua hii. Kwa hiyo mtu akiniambia kutembea si mambo ya Wazungu walioleta dini, namwomba aende Kigungu akaangalie ziwa alafu afikirie walifikaje upande ule mwingine.

Mi nimeshaongea na katekista wetu na wazee wawili wa kigango. Wanasema wazo zuri lakini rangi nani atanunua. Rangi ya kutoka mpakani mpaka Tororo nitanunua mimi, nyeupe na nyekundu, na brashi. Vaselini nitaweka kopo mlangoni kwa kila hujaji atakayesimama, anunue kiatu asinunue. Wanaotakiwa ni vijana wawili watatu wanaojua vijia vya upande huu na wasioogopa mbwa, waje kibandani kwangu, soko la mitumba, safu ya viatu, waulize wa buti. Na padri wa parokia inayofuata baada ya Tororo kama anasoma gazeti hili, nasi tungependa kujua ataanzia wapi ili alama zetu zisiishie porini.

Wako,
Muuza viatu, Malaba